Kosa la ghafla: kinachoiangusha treni porini na mezani

Kutoka Tabora hadi Kigoma njia kuu ya reli ina kilometa 411. Igawe kwa 87, kipimo kinachopendwa kuliko vyote na watu wanaojenga reli za mezani, upate kilometa 4.7, na hapo njia za kupishania bado hujazihesabu. Hakuna ukumbi wa kuimeza. Anayetaka kuijenga nyumbani itabidi achague: ajenge stesheni ya Tabora inakogawanyika njia ya Mwanza na ya Kigoma, au Kigoma yenyewe, reli inapoishia gatini, au Uvinza ya chumvi. Yaliyobaki atayaachia macho ya mtazamaji yajazie.

Mtu huyo na fundi wa genge la kutengeneza njia anayehangaika na mtaimbo kule Nguruka wana adui mmoja. Wengi hudhani treni huacha njia kwa kuwa reli ni mbovu. Si hivyo hasa. Njia iliyochoka kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, treni huimudu. Hupunguziwa mwendo, ikafika. Inayoangusha ni njia nzuri yenye kosa moja la ghafla: upana unaobadilika ndani ya mita mbili, kiungio kilichozama, kona inayoingia bila hodi. Gurudumu huvumilia mengi likipewa nafasi ya kujiandaa. Ukilielewa hilo, karibu kila kanuni ya ujenzi wa njia, ya chuma cha kilo 60 kwa mita au ya kijiti cha milimita mbili, inajieleza yenyewe.

Geji na hesabu zake

Geji ni umbali kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli mbili. Haipimwi katikati ya reli wala pembeni mwa nje; kosa hilo hufanywa hata na watu wazima. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ni ya milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni 1,067. Reli ya kisasa ni 1,435. Milimita 67 zinazotenganisha Reli ya Kati na TAZARA ni chini ya upana wa kiganja, lakini zinatosha kulazimisha mzigo ushushwe na kupakiwa upya Kidatu.

Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, uliosainiwa Desemba 2022, unataja kilometa 506. Zile 411 ni za njia kuu, na 95 zilizobaki ni za kupishania na za stesheni. Mwenye meza ajifunze kitu hapo: karibu mita moja kati ya kila tano haiendi popote, ipo ili treni mbili zipishane. Wanaoanza hujenga duara kubwa, wakaweka njia fupi ya kupishania kama pambo, halafu wanashangaa kwamba treni yao ndefu haina pa kujificha. Urefu wa njia ya kupishania ndio unaoamua urefu wa treni. Anza nao.

Sasa hesabu za mezani. Kipimo cha 1 kwa 87 huitwa HO, na reli yake ya kawaida ina geji ya milimita 16.5. Zidisha kwa 87, unapata 1,435: ni reli ya kisasa hiyo, si Reli ya Kati. Ukiweka behewa la zamani la Kigoma juu ya njia ya 16.5 litaonekana kama mtu mwembamba aliyevaa viatu vya kaka yake. Geji ya mita kwa kipimo hicho inatoka milimita 11.5, na watengenezaji wameikubali kuwa 12, huitwa HOm. Anayetaka Tabora yenye njia zote mbili, ya zamani na ya kisasa, ataweka 12 na 16.5 ubavu kwa ubavu. Nafasi ikiwa finyu kuna N, yaani 1 kwa 160: reli ya kisasa inakuwa milimita 9, na geji ya mita inakuwa 6.5. Na kwa mwenye uwanja badala ya chumba, reli za bustani za milimita 45 kwa kipimo cha 1 kwa 22.5 zilibuniwa kwa ajili ya geji ya mita hasa. Zinapendeza, ila kuku wa jirani hawaziheshimu.

Usinunue reli kwa kuangalia geji tu. Urefu wa reli kwenda juu hutajwa kwa namba iitwayo kodi, ambayo ni sehemu za elfu moja za inchi. Kodi 100 ni milimita 2.54, kodi 83 ni 2.11, kodi 70 ni 1.78, kodi 55 ni 1.40. Reli ya kisasa ya kilo 60 kwa mita ina kimo cha milimita 172. Ukigawa kwa 87 ni 1.98, kwa hiyo kodi 83 inaifaa vizuri. Reli ya ratili 80 kwa yadi, ambayo ni karibu kilo 40 kwa mita, ina kimo cha milimita 133, sawa na 1.53 mezani, kodi 55 au 70 zitaipakata katikati. Kodi 100 inauzwa kila mahali kwa sababu inavumilia magurudumu ya kizamani, lakini ukiizidisha kwa 87 unapata reli ya milimita 221, nene kuliko chochote kitakachowahi kulazwa Urambo.

Kilicho chini ya chuma

Reli haishikiliwi na uzito wake. Inashikiliwa na mataruma, yale yanayolazwa chini yake kwa kukingama, mataruma yanashikiliwa na kokoto, kokoto zinategemea tuta, na tuta linategemea mtaro. Ukitaka kujua hali ya njia anza na mtaro.

Chukua kiungio kimoja tu mahali pa mbuga, magharibi ya Tabora, mwezi wa Februari. Reli mbili zinakutana, zimebanwa na fishipleti mbili, yaani vipande vya chuma vya kuungia, moja kila upande wa kiuno cha reli, kwa boliti nne. Pengo kati ya ncha ni milimita sita hivi. Kila gurudumu linapovuka pengo hilo linadondoka kidogo na kugonga ncha ya pili. Kipigo hicho kinashuka kwenye taruma lililo karibu, taruma linasaga kokoto za chini yake, kokoto zinatoa unga. Mvua ikinyesha na mtaro ukiwa umeziba, unga unakuwa tope. Taruma sasa linafanya kazi ya pampu: treni ikipita linashuka na kutema tope, ikishapita linainuka na kunyonya maji. Tazama kokoto za pale utaona zimepakwa rangi ya kijivu au nyeupe, kama ukuta uliorushiwa chokaa, huku za mita tano mbele zikiwa safi. Ncha za reli zina mng'ao na zimebonyea. Boliti moja imelegea. Njia imeshaanza kuoza hapo, na kukaza boliti peke yake ni kumpaka mafuta mgonjwa wa malaria.

Dawa yake ina mpangilio. Kwanza mtaro ufunguliwe ili maji yapate pa kwenda. Pili, kokoto zenye tope zichimbwe zitolewe kuanzia upande mmoja wa taruma hadi mwingine, si kuongezea mpya juu ya tope. Tatu, kokoto safi, zenye kingo kali, za milimita 25 hadi 60, zishindiliwe chini ya taruma pale reli inapokalia, kulia na kushoto, na katikati ya taruma paachwe palegee. Ukishindilia katikati, taruma linabaki limepanda mgongo wa kokoto kama mtoto kwenye pembea, na litavunjika au litayumba. Kisha ndipo boliti zikazwe. Njia iliyoshindiliwa leo bado ni laini, na ndiyo maana treni za kwanza huamriwa kwenda polepole mpaka zenyewe zilikanyage lile tandiko likae.

Udongo mweusi wa mbuga una tabia yake. Unavimba masika na kupasuka kiangazi, na nyufa zake huingia hadi chini ya tuta. Mahali penye tuta fupi juu ya mbuga pana kazi kila mwaka, na atakayekuambia aliwahi kupatengeneza pakatengenezeka kabisa, muulize alirudi lini kupaangalia. Maji mengi zaidi hufanya jambo baya zaidi: mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya mto Mkondoa yaliiharibu njia upande wa Kilosa, na Kigoma, iliyo mbali na mto huo, ikakosa treni ya kutoka Dar es Salaam. Njia moja ni mnyororo. Hakuna pa kuzungukia.

Mezani hakuna tope, lakini kokoto zina mambo yake. Jiwe la milimita 50 likigawiwa kwa 87 linakuwa la milimita 0.6. Mchanga wa ufukwe wa Tanganyika unavutia kuutumia, nao una kasoro mbili: punje zake ni za mviringo, na mchanga wowote huweza kuwa na chembe nyeusi za chuma ambazo sumaku ya mota itazivuta hadi ndani ya injini. Pitisha sumaku juu ya mchanga mkavu uliotandazwa kwenye gazeti kabla ya kuutumia. Vumbi la mahali wanapopondea kokoto ni bora: lina kingo, na rangi yake ni ile ile ya jiwe halisi. Lichekeche mara mbili, kwanza kwa chujio la chai kuondoa makubwa, kisha kwa kitambaa chepesi kuondoa unga. Mwaga, panga kwa brashi laini mpaka sehemu ya juu ya mataruma iwe wazi, lowesha kwa chupa ya kupulizia yenye maji na tone la sabuni ya vyombo, ndipo udondoshee gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Bila sabuni, tone la gundi litakaa juu kama ushanga na kuviringisha vumbi lako. Karibu na pointi, pale njia inapogawanyika, tumia gundi kidogo sana. Punje moja kwenye ulimi wa pointi inatosha kuifunga.

Msokoto

Hapa ndipo penye ajali nyingi zisizoeleweka. Weka pimamaji juu ya reli mbili, andika reli ya kushoto imezidi ya kulia kwa milimita ngapi, sogea mita tatu, andika tena. Sema unapata 4, 3, 5, kisha kasoro 12 (yaani hapo ya kulia ndiyo imezidi), kisha 2. Kati ya kipimo cha tatu na cha nne njia imejisokota milimita 17 ndani ya mita tatu, yaani 1 kwa 176. Jicho halioni. Upana uko sawasawa. Reli ni nzima. Lakini behewa lina magurudumu pembeni nne, na mwili wake mgumu haupindi upesi kufuata msokoto huo, kama kitanda cha futi sita kwenye sakafu mbovu: miguu mitatu inakanyaga, wa nne unaning'inia. Gurudumu lililopunguziwa uzito, likiwa kwenye kona na ukingo wake, ule mdomo wa ndani unaoliongoza, ukisukumwa kwenye reli ya nje, linapanda. Linatembea juu ya kichwa cha reli mita chache, likiacha mchirizi mwembamba unaong'aa, halafu linadondokea nje. Wachunguzi hutafuta mchirizi huo kwanza, na sababu huitafuta nyuma yake, si pale behewa lilipolala.

Linganisha na njia ambayo vipimo vyake ni 20, 20, 21, 20, 19 mahali palipopaswa kuwa sifuri. Imeinama yote. Inachukiza, na abiria atamwaga chai, lakini haina msokoto. Behewa litainama nayo na kupita.

Kipimo cha pimamaji kina udanganyifu mmoja: kinachukuliwa njia ikiwa haina mzigo. Taruma lililochimbika chini linaning'inia kwenye reli kama nguo kwenye kamba, na njia inaonekana sawa mpaka treni ifike. Fundi mzoefu hugonga taruma kwa kitu kizito na kusikiliza. Lenye kokoto chini hutoa sauti nzito, lenye uwazi hulia kama debe.

Kwenye meza, msokoto unasababishwa na ubao uliopinda, au na kiungio cha mbao mbili kisicholingana. Kipo kinga ambacho reli kubwa haina kwa urahisi huo. Kila behewa la mfano lenye bogi mbili, yaani vigari vya magurudumu vilivyo chini yake, lina skrubu mbili za kushikilia bogi. Kaza ya kwanza mpaka bogi igeuke kulia na kushoto tu, bila kuyumba. Ya pili iache ilegee, bogi iweze kuyumba pande zote. Behewa sasa linasimama kwa sehemu tatu, na kigoda cha miguu mitatu hakijui sakafu mbovu. Dakika mbili za kazi kwa behewa, na kesi nyingi za kuacha njia zinaisha. Uzito nao uongeze kwa vipande vya risasi au nati zilizobandikwa chini, karibu na sakafu ya behewa, si darini.

Ukingo wa gurudumu la mfano, kwa njia, ni mkubwa kupita kiasi. Ukingo wa kina cha milimita 0.64, unaotumika sana kwenye HO, ungekuwa milimita 55 kwenye treni halisi, wakati wa kweli ni kama 30. Ndiyo maana treni ya mezani huvumilia njia ambazo zingelilaza treni la kweli mtaroni. Anayesema "mbona yangu inapita" anasifia ukingo, si njia yake.

Joto

Chuma cha reli kinarefuka kwa milimita 11.5 kwa kila kilometa, kwa kila digrii moja. Reli ya mita 12 iliyopoa asubuhi ya Julai na ile ile ikiwa jua la Oktoba limeikaanga zinaweza kutofautiana digrii 40 au zaidi; hizo ni milimita tano na nusu. Ndizo pengo la kiungio linalozimeza. Pengo likizibwa, iwe kwa kutu au kwa fishipleti iliyokazwa kupita kiasi bila mafuta, reli haina pa kwenda ila pembeni.

Reli ya kisasa haina viungio hivyo. Imelehemewa ikawa ndefu mfululizo. Watu huuliza inarefukia wapi. Hairefuki. Inazuiwa, na nguvu yote inabaki ndani ya chuma. Reli ya kilo 60 ikipata joto digrii 30 juu ya lile iliyofungiwa inajisukuma kwa nguvu ya tani 55 hivi, na ya pili yake vivyo hivyo. Kinachoizuia isichomoke ni mataruma mazito ya zege yaliyozikwa kwenye kokoto, hasa kokoto za begani, zile zilizorundikwa nje ya ncha za mataruma ambazo mpita njia huona ni za ziada. Si za ziada. Kuzichota wakati wa jua kali ni kufungua mlango. Njia hujikunja ghafla kama nyoka, mita kadhaa kwa pigo moja, na mara nyingi hungoja uzito na mtikisiko wa treni ndipo iachie.

Juu ya meza, chuma ni suala dogo kuliko mbao. Reli za mfano nzuri ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki, na mita tatu zake zikipata joto digrii 20 zinarefuka karibu milimita moja. Chini ya bati la Tabora kupanda kwa digrii 20 ni mchana wa kawaida. Acha pengo la nusu milimita hadi milimita moja kila mita, na usilehemu viungio vyote. Mbao nayo inavimba masika, inasinyaa kiangazi, na inapeleka njia inakotaka. Habari njema kwa watu wa Tabora na Kaliua ni kwamba mninga, ambao wengine huagiza kwa bei ya kuumiza, ni mti mtulivu mno; ukikauka vizuri haujipindi ovyo. Fremu ya mninga yenye vikingi kila sentimita 40, juu yake plaiwudi ya milimita 12 iliyopakwa rangi pande zote mbili na kwenye kingo, itakaa. Kupaka juu tu na kuacha chini ni kosa. Upande mkavu na upande unaonyonya unyevu huvutana, ubao unakunja mgongo.

Kona zisizopiga hodi

Kwenye kona reli ya nje huinuliwa ili treni iegemee ndani. Kiasi chake kwa milimita hupatikana hivi: umbali kati ya katikati ya vichwa vya reli, zidisha kwa mraba wa mwendo kwa kilometa, gawa kwa 127 mara nusu kipenyo cha kona kwa mita. Kwa geji ya mita umbali huo ni kama 1,060. Kona ya nusu kipenyo cha mita 300 kwa mwendo wa kilometa 50 inataka milimita 70. Kwa mwendo wa kilometa 30 inataka 25 tu. Ukiiwekea 70 halafu treni ya mizigo ikapita kwa mwendo wa toroli, uzito wote unaangukia reli ya ndani na kuisaga. Hakuna jibu moja linalowaridhisha wote. Mhandisi huchagua kati.

Lakini hizo milimita 70 huwezi kuzipata kwa kuruka. Ukitoka sifuri hadi 70 ndani ya mita 10, umejenga msokoto kwa mkono wako mwenyewe, 1 kwa 143. Kwa hiyo kati ya mnyoofu na kona huwekwa kipande cha mpito, ambacho kinakunja kidogo kidogo na kuinuka kidogo kidogo kwa pamoja.

Mezani, nusu kipenyo cha sentimita 60 ni sawa na mita 52 za kweli, kona ambayo njia kuu haiwezi kuwa nayo. Hatuna la kufanya, vyumba vyetu ni vidogo. Mpito lakini unawezekana, na hauhitaji hesabu. Chora mstari mnyoofu, chora duara lako likiwa limesogezwa ndani sentimita moja, kisha chukua ufito mwembamba wa mbao wa kama mita moja, ubane kwa misumari kwenye mnyoofu upande huu na kwenye duara upande ule, uuache ujikunje unavyotaka. Fuata ufito kwa penseli. Mti wenyewe unakupa mkunjo laini. Ukilaza reli ya kukunja yenye kiungio katikati ya kona, lehemu vipande viwili kwanza vikiwa vimenyooka, ndipo uvikunje pamoja; la sivyo kila ncha inataka kunyooka na unapata kiwiko. Piga tupa kidogo kingo za ndani za ncha za reli. Ukipitisha kucha isikwame.

Pointi na umeme

Pointi ina ndimi mbili zinazosogea, krosingi pale reli mbili zinapokatana, na reli za ulinzi mkabala na krosingi. Hizo za ulinzi ndizo zisizoeleweka. Kwenye krosingi gurudumu linavuka pengo, na kwa kitambo kidogo ukingo wake hauna reli ya kuuongoza. Unaweza kuchagua njia isiyo yake. Reli ya ulinzi humshika pacha wake upande wa pili kwa mgongo, ikamzuia mwenzake asipotee. Maana yake ni kwamba umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ni muhimu sawa na geji. Kwenye HO ya 16.5 umbali huo uwe karibu 14.4. Treni ikiruka kwenye kila pointi, pima magurudumu kabla hujaanza kukata pointi. Ikiruka kwenye pointi moja tu, kosa ni la pointi, na mara nyingi ni ulimi usiobana. Kwa reli kubwa ni hivyo hivyo: milimita chache za uwazi zinatosha ukingo kupenya, bogi ya kwanza ikaenda njia kuu na ya pili ikaenda ya kupishania.

Umeme ndio mahali reli mbili hizi zinapotengana. Treni za mezani hula umeme kupitia reli zenyewe, kwa kawaida volti 12, reli moja chanya na nyingine hasi. Mataruma lazima yasipitishe umeme. Mataruma ya chuma kama yale ya njia za zamani ungeyaiga kwa chuma kweli, ungepata cheche na harufu ya mota. Tatizo hilo lipo pia kwenye reli halisi: mahali ishara zinapotambua treni kwa umeme mdogo unaopita relini, taruma la chuma lisilokingwa linaiambia mashine kwamba pana treni wakati hapana. Kwenye reli ya kisasa, ambayo treni zake hula volti 25,000 za waya wa juu, reli ni njia ya umeme kurudi, na chini ya kila kitako cha reli kuna mpira, na pembeni plastiki ya kukinga.

Aloi ya reli ya mfano inapitisha umeme vibaya mara kumi na tano na zaidi kuliko shaba. Treni inayosinzia upande wa mbali wa meza haina ugonjwa, ina njaa. Pitisha chini ya ubao waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5, mwekundu na mweusi, na kila kipande cha reli kiteremshiwe nyaya zake mbili fupi. Fundi redio yeyote mwenye chuma cha kulehemu cha wati 40 atakulehemea kwa mchana mmoja; mwambie alehemu upande wa nje wa reli, kwa sababu donge la risasi likiwa ndani litainua ukingo wa gurudumu.

Na ukiunganisha njia zako tatu za Tabora kwa pembetatu ya kugeuzia injini, reli ya kushoto itazunguka na kukutana na ya kulia. Chanya na hasi zitapeana mkono. Kata pengo katika reli zote mbili, mwanzo na mwisho wa mkono mmoja wa pembetatu, na mkono huo uwe mrefu kuliko treni yako ndefu, kisha uupe swichi yake ya kubadili chanya na hasi.

Kabla ya kuleta injini, chukua behewa moja jepesi, lisukume kwa kidole kimoja, polepole, njia nzima, mbele na nyuma. Fumba macho. Kidole kitasikia kiungio ambacho jicho limekisamehe. Weka alama ya chaki hapo, urudi na tupa.